Ukuta wa Uwazini na Printa Iliyokauka

Nchi ya Uwazini nimefika kwa miguu yangu na nimekaa huko siku tisa. Njia ya kwenda sitaieleza. Ni ndefu, ina vumbi, na haimfundishi mtu chochote. Nitaeleza niliyoyaona baada ya kufika, maana hayo ndiyo yenye faida.

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga nafaka. Niliitwa na mtu wa huko, Pandu Ameir, ambaye mashine yake ilivunjika beringi. Kubadilisha beringi ni kazi ya asubuhi moja. Lakini watu wa Uwazini walikuwa wameijadili kwa miezi minane, beringi ipi ni bora na kwa sababu gani, na muda wote huo wakawa wanatwanga kwa kinu. Mjadala ulipoingia mwezi wa tisa, mke wa Pandu akasema mikono inamuuma, na ndipo nikaitwa.

Jina la nchi limetokana na sheria yake ya kwanza: kila chombo lazima kifunguke. Birika, redio, saa ya ukutani, vyote viwe na skrubu za nje, na mwenye chombo awe na haki ya kukifungua, kukitazama tumboni na kukibadilisha apendavyo. Hata kiti cha hakimu kina skrubu za nje. Niliambiwa kwamba siku moja hakimu alianguka katikati ya hukumu kwa sababu karani alikuwa anakiboresha kiti kikiwa kimekaliwa. Hakimu hakukasirika. Aliuliza tu kama hicho kipya kitakuwa na mgongo mrefu zaidi.

Kompyuta zao ni hivyohivyo. Hawanunui mfumo uliofungwa. Wanatumia ule ambao maandishi yake ya ndani yako wazi, kila mtu ayasome na ayarekebishe. Kwetu mfumo wa namna hiyo unaitwa Linux, na wanaoutumia ni wachache, wapole, na wakianza kuueleza hawaachi. Kule ni nchi nzima. Bendera yao ina ndege mnene, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, asiyeruka. Nilipouliza kwa nini wamechagua ndege asiyeruka, nilijibiwa kwamba anaogelea vizuri sana. Sikubisha.

Nasema kweli, watu hawa niliwapenda. Nilimwona muuza mandazi akilifungua jiko lake vipande kumi na saba na kulirudisha kabla wateja hawajachoka kusubiri. Hakuna anayemficha mwenzake kitu alichokivumbua. Ukisifia pampu ya mtu, anakupa mchoro wake hapohapo, na kesho yake anakuuliza umeibadilisha vipi. Mimi nimefanya kazi miaka thelathini na mafundi wanaoficha spana zao, kwa hiyo jambo hilo nililiona kubwa.

Lakini kila nchi ina vituko vyake.

Salamu yao ni hii. Mmoja anauliza, "Kwako inafanya kazi?" Mwenzake anajibu, "Kwangu inafanya." Halafu kila mmoja anaendelea na safari yake. Salamu nzuri, ila imeingia mpaka kwenye shida. Siku yangu ya pili mvua ilinyesha, na jirani mmoja akatoka nje akipiga kelele kwamba paa lake linavuja. Watu sita walitoka wakamsikiliza kwa makini. Wa kwanza akasema, "Kwangu halivuji." Wa pili akasema, "Hata kwangu." Walipokwisha kusema wote sita, wakarudi ndani, nao waliamini wamesaidia.

Sheria ya pili inakataza mtu kugusa chombo cha mwenzake. Maana yake nzuri: chombo ni uhuru wa mtu, na ukikigusa umeugusa uhuru wake. Kwa hiyo msaada wote hutolewa kwa mdomo, mikono ikiwa nyuma. Niliwaona watu wakimwelekeza mwenzao namna ya kufunga nati kwa saa nzima, naye anaifungua, na spana iko mfukoni mwa kila mmoja wao. Mimi niliruhusiwa kuigusa mashine ya Pandu kwa sababu mgeni hahesabiwi.

Na kila baada ya miezi sita huipanga nyumba upya, na kompyuta kadhalika. Hiyo si sheria, ni fahari. Wiki hiyo utawakuta wakitafuta vitanda vyao.

Basi, udhaifu wao mkubwa ni karatasi.

Katika Uwazini kila nyumba ina printa, au ina sababu ya kutokuwa na printa, na sababu hiyo utaelezwa utake usitake. Wako Watu wa Unga. Hawa wana printa za wino wa unga, nzito, za kijivu, zinazochapa rangi nyeusi tu na hazikauki hata ukiziacha miaka mitatu. Wako Watu wa Maji, wenye printa za wino wa maji, ambazo zinachapa hata picha ya harusi lakini zina kiu: usipochapa kila wiki zinakauka mdomo. Na wako Wasiochapa, ambao husema karatasi imekufa. Hao huinuliana simu usoni badala ya kupeana karatasi. Lakini niligundua kwamba kila Asiyechapa anajua vizuri jirani yupi ana printa.

Pandu alikuwa Mtu wa Unga. Printa yake ilikaa sebuleni karibu na picha ya marehemu babu yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Mwaka huu imechapa kurasa ngapi?" nilimuuliza.

"Tatu," alisema. "Moja ya majaribio. Moja ni ule mwaliko wako."

"Na ya tatu?"

"Ya majaribio, baada ya mwaliko wako. Nilitaka kujua kama imepona."

Wale wa Maji hawakuwa wamechapa zaidi ya hapo. Nchi nzima iligombana kuhusu mashine inayofanya kazi mara tatu kwa mwaka.

Mwaliko aliousema Pandu unahitaji maelezo. Uwazini imepakana na nchi ya Kufulini, ambako kila kitu kimegandishwa kwa gundi na funguo wanazo wenye viwanda. Huko, printa hukataa wino usiotoka kwa mama yake, na ukiilazimisha inalala. Watu wa Uwazini wanaiogopa Kufulini kama ukoma. Kwa hiyo wameweka lango. Mgeni wa kazi huingia siku yoyote akiwa na mwaliko, lakini raia aliyehamia Kufulini akitaka kurudi, anarudi Siku ya Lango tu, mara moja kwa mwaka, kabla ya saa kumi alasiri. Tena sharti awe na mwaliko wa karatasi, uliochapwa na printa ya nyumba atakayofikia, iliyokaa ndani ya nyumba hiyo si chini ya siku arobaini. Waasisi walitaka asiwepo raia atakayemtegemea mwenzake hata kwa ukurasa mmoja. Nchi inayoicheka karatasi kuliko nchi zote ndiyo inayoidai langoni.

Jirani wa Pandu aliitwa Sikudhani Makame, mshonaji wa magodoro, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mchangamfu, asiyependa maneno mengi. Baba yake, Mzee Makame Vuai, alihamia Kufulini miaka kumi na miwili iliyopita kwa hasira ambazo hakumweleza mtu. Sasa alikuwa ameleta ujumbe kwa mdomo wa mchuuzi: "Macho yangu yanazima. Daktari amesema hayafiki mwakani. Nataka niuone uso wako na mlango wa nyumbani nikiwa bado naona. Mwakani nitaushika kwa mikono tu."

Sikudhani alikuwa na printa ile ile aliyoiacha baba yake, Tausi Arobaini ya wino wa maji. Siku tatu kabla ya Siku ya Lango aliifunua kitambaa, akaiwasha, akachapa. Karatasi ikatoka nyeupe kama ilivyoingia. Mara ya mwisho kuitumia ilikuwa mwaka uliopita. Tena kompyuta yake alikuwa ameipanga upya majuzi, na sasa hata jina la Tausi Arobaini halikuwemo kwenye orodha ya printa inazozijua.

Mwenye shida Uwazini huenda kwanza kwenye Ukuta wa Majibu. Ni ukuta halisi, wa mawe, unaopita katikati ya mji, na nilihesabu hatua elfu moja na mia nne. Watu huandika maswali yao hapo kwa majina ya kubuni, ili mjadala uwe wa hoja tu na asiaibike mtu, na wengine huandika majibu chini yake. Hakuna kinachofutwa. Sheria inasema hakuna anayeruhusiwa kuuliza jambo lililokwisha kuulizwa.

Sikudhani aliusoma Ukuta siku tatu. Jioni ya siku ya tatu alinichukua akanionyesha alichokipata. Lilikuwa swali la miaka kumi na miwili, limeandikwa na mtu aliyejiita Kijiko: *Tausi Arobaini yangu imekauka, na jina lake halimo kwenye orodha. Nifanye nini?* Chini yake kulikuwa na majibu ya siku kumi na nne. *Kwangu inafanya. Kwa nini ulinunua takataka ya Kufulini? Nunua ya unga. Karatasi imekufa. Soma Ukuta kwanza. Watu kama wewe ndio mnaoiharibu nchi.* Na mwisho kabisa, kwa mkono uleule wa Kijiko: *Nimeshaweza. Asanteni.*

"Ameweza vipi?" niliuliza.

"Hakusema," alisema Sikudhani. "Mwaka ule Tausi ziliingia nyingi, anaweza kuwa yeyote. Nimetafuta mpaka upande wa nyuma. Hakusema."

Kesho yake ndiyo ilikuwa Siku ya Lango. Asubuhi Sikudhani alikwenda barazani, kwenye jiwe wanalosimama wenye shida za haraka. Mtunza Ukuta, Bwana Machano, alikuwa ameketi. Ni mtu mrefu, mnyoofu, mwenye shada la funguo kiunoni katika nchi isiyo na kufuli hata moja. Watu kama hamsini walikuwepo.

"Umeusoma Ukuta?" aliuliza Machano.

"Siku tatu, bwana."

"Sema mashine, umri wake, na mara ya mwisho kuchapa."

Sikudhani akasema. Aliposema wino wa maji, Watu wa Unga wakaguna wote kwa pamoja.

"Lakini dada, si tulikwambia?" alisema Pandu. Hakuwa na ubaya, ila hakuweza kujizuia. "Ya unga ungeitoa kitambaa leo, ikachapa leo."

"Pandu, hiyo ya unga unaniwekea leo ndani ya saa sita nikakae nayo siku arobaini?"

Watu wakacheka. Pandu akaangalia viatu vyake.

"Na karatasi yenyewe ya nini?" alidakia Bi Hidaya, mkubwa wa Wasiochapa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia kuku. "Mimi sijachapa tangu nimzae kitinda mimba, na huyo kitinda mimba ana ndevu! Nenda langoni, mwinulie askari simu."

"Askari anataka karatasi, Bi Hidaya."

"Basi kosa ni la askari."

"Kosa ni la askari, lakini atakayefungiwa nje ni baba yangu."

Hapo mjadala ukawaka. Mmoja akasema katriji za Tausi, yaani vibweta vyake vya wino, zina jicho linalokagua wino umetoka wapi. Mwingine akasema jicho hilo linafumbika kwa gundi ya karatasi. Wa tatu akasema kulifumba jicho ni kukubali kwamba jicho lipo, na sisi msimamo wetu ni kwamba jicho lisiwepo. Wakagawanyika makundi mawili, halafu kundi la pili likagawanyika. Saa nzima ilipita. Mikono yote ilikuwa nyuma. Sikudhani alisimama juu ya jiwe akimtazama kila aliyesema, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anasema naye.

Mwisho Machano aligonga meza.

"Nimetazama daftari la Ukuta. Swali hili liliulizwa na Kijiko miaka kumi na miwili iliyopita, na lina jibu. Kwa hiyo limefungwa."

"Jibu gani, Bwana Machano? Pale pameandikwa 'Nimeshaweza, asanteni'!"

"Aliyeuliza aliridhika. Jibu ni jibu."

"Mtu akikuuliza njia ya kwenda kisimani ukamwambia 'mimi nimeshakunywa,' hilo ni jibu?"

 Nilimwona Machano akilitazama daftari tena. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu. Akalifunga daftari, akasema, "Shuka, binti, wapo wengine."

Ilikuwa saa sita. Mimi printa siijui. Nilikwenda nyumbani kwa Sikudhani nikaitazama Tausi Arobaini tumboni nikaona mikanda na vijigurudumu. Nikamwambia ukweli, kwamba ingekuwa mashine ya kusaga ningesema neno, lakini hii siyo. Akasema, "Basi nenda langoni, fundi. Mwambie baba asisimame juani. Mwambie nimejaribu." Yeye hakutaka kwenda mikono mitupu.

Lango la Uwazini ni la nyavu za chuma, mtu anaona ng'ambo. Mzee Makame alikuwa amekaa juu ya kifurushi chake, mwembamba, kofia imenyooka, anageuza kichwa pembeni kama kuku ili anione vizuri.

"Wewe nani?"

"Fundi wa mashine za kusaga. Nimetumwa na binti yako. Karatasi hakuna, mzee. Tausi imekauka."

"Imekauka." Alilisema neno hilo polepole. "Hajausoma Ukuta?"

"Kausoma siku tatu. Lipo swali hilohilo la mtu mmoja anajiita Kijiko. Alipata dawa, akaandika 'Nimeshaweza, asanteni,' akaenda zake. Siku nikikutana na mtu huyo nina neno la kumwambia."

 Vidole vya mzee vilishika nyavu.

"Liseme," alisema. "Nipo."

Sikumwelewa mara moja. Halafu nikamwelewa.

"Siku kumi na nne walinitukana, fundi," alisema. "Siku kumi na nne. Niliuliza swali moja. Ya kumi na tano nikaipata dawa mwenyewe, sebuleni kwangu, peke yangu. Nikasema: nao watafute. Nikaandika vile makusudi. Niliona raha kweli. Wiki iliyofuata nikahama."

Mimi si mtu wa kupakapaka maneno. Nilimwambia, "Basi umejifungia nje mwenyewe, mzee."

"Ndiyo," alisema. "Na ufunguo nimekuwa nao mfukoni miaka kumi na miwili." Akafuta macho kwa mkono wa kanzu. "Haya, sikiliza, na usisahau kitu. Chemsha maji. Chovya kitambaa cha pamba, kikamue nusu, kilaze chini ya kichwa cha wino, kikae muda wa kupika wali. Kitambaa kikinywa rangi, toa. Halafu kwenye kompyuta: jina la Tausi Arobaini halimo, asipoteze muda kulitafuta. Achague Tausi Thelathini. Ni kaka yake mkubwa, wanaelewana. Halafu ashike kitufe cha karatasi mpaka taa ikonyeze mara tatu."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Ndiyo maana nilikasirika."

Nilirudi nikikimbia, na sikuwa nimekimbia tangu nilipoacha shule. Saa nane na nusu nilikuwa sebuleni kwa Sikudhani. Nilipomwambia Kijiko ni nani, alikaa chini kwenye godoro ambalo hajalimaliza kulishona. Hakulia. Alisema, "Baba!" kama mama anayemkuta mtoto kavunja chungu. Kisha akainuka.

Maji yake yalikuwa ya baridi na jiko halikuwa na moto. Nikatoka nje nikamkuta Pandu uani kwake, nikamwambia nahitaji maji ya moto sasa hivi.

"Ya nini?"

"Ya printa ya wino wa maji."

Alisimama kidogo. Kisha akaingia ndani, akatoka na birika linalofuka, akaja nalo mpaka kwenye meza ya Sikudhani. "Mimi sigusi mashine ya mtu," alitangaza kwa sauti ili nje wasikie. "Nimeleta chai."

Nililaza kitambaa. Tukangoja. Mlangoni watu walianza kukusanyika, mikono nyuma, na nilisikia mmoja ananong'ona kwamba ya unga isingehitaji yote haya. Bi Hidaya akampita kwa kiwiko.

"Karatasi mnazo?" aliuliza.

Sikudhani akatazama. Zilikuwa zimebaki mbili, zenye unyevu, zimejikunja kama majani ya mgomba juani.

Bi Hidaya akatoka. Aliporudi alikuwa na bunda zima, jipya, limefungwa. "Msinitazame hivyo," alisema. "Nilikuwa naliweka tu."

Kitambaa kilipotoka kilikuwa na mistari ya rangi kama mkeka. Sikudhani alikwisha chagua kaka mkubwa kwenye kompyuta. Akashika kitufe. Taa ikakonyeza mara moja, mara mbili, ikakaa kimya mpaka Pandu akaanza kusema kitu, halafu ikakonyeza ya tatu. Ukurasa wa kwanza ukatoka mweupe. Wa pili ukatoka na madoa. Wa tatu ukatoka na maandishi. Rangi nyeusi ilikuwa imegoma kabisa, kila kitu kilikuwa cha zambarau, na mstari mweupe ulipita katikati ya jina la Makame Vuai. Lakini lilikuwa jina lake.

Pandu alipiga kofi moja, kubwa, halafu akairudisha mikono nyuma.

Tulipogeuka, Bwana Machano alikuwa mlangoni. Hakuna aliyejua alikuja saa ngapi.

"Nani ameigusa mashine?"

"Mimi," nilisema. "Mgeni hahesabiwi."

"Na nani amewaambia dawa?"

"Kijiko," alisema Sikudhani. "Yuko langoni, Bwana Machano. Ulisema aliridhika. Njoo umuulize."

Saa kumi kasoro dakika kumi tulikuwa langoni, na nusu ya mtaa nyuma yetu. Askari aliishika karatasi, akaigeuza, akaiinua juu.

"Hii ni ya zambarau," alisema.

"Sheria haikutaja rangi," alisema Sikudhani.

"Ina mstari katikati ya jina."

Askari akamtazama Machano, kama watu wote wanavyomtazama pakiwa na sheria. Machano akaichukua karatasi. Aliisoma yote, kuanzia tarehe mpaka anwani, polepole, na mimi nikawa naiangalia saa ya askari. Kisha akamtazama yule mzee nyuma ya nyavu, aliyekuwa anageuza kichwa pembeni kutafuta sauti ya mwanawe.

"Sheria inataka isomeke," alisema Machano. "Inasomeka."

Lango likafunguliwa. Sikudhani hakumkimbilia baba yake. Alimwendea akasimama karibu kabisa, uso kwa uso, akakaa vile, ili mzee amtazame mpaka atosheke. Mzee alichukua muda mrefu. Askari alifunga lango nyuma yao saa kumi kamili.

"Umenenepa," mzee akasema mwishoni.

"Na wewe umekwisha, baba. Twende ukale."

"Bado. Nipeleke Ukutani kwanza."

Walikwenda, na sisi nyuma. Alipofika penye maandishi yake, aliomba chaki. Sheria inasema swali lililofungwa haliongezwi neno. Watu wote walilijua hilo, na wote wakamtazama Machano. Machano alizishika funguo zake, akaanza kuzihesabu moja moja, amegeukia upande wa barabara. Alizihesabu kwa muda mrefu kuliko idadi yake.

Mzee aliandika pua yake ikikaribia kugusa jiwe. Maji ya moto. Kitambaa. Kaka mkubwa. Kitufe, mara tatu. Na chini kabisa: *Na chapeni ukurasa mmoja kila Ijumaa, hata kama hamna la kusema.* Herufi zilipanda na kushuka. Kisha akaongeza jina lake halisi, la baba na la babu. Sikuona jina lingine la kweli kwenye Ukuta ule wote.

Niliondoka asubuhi ya siku ya tisa. Nilipopita Ukutani nilimkuta mtu mmoja wa mtaa wa mbali, amesimama mbele ya mwandiko wa mzee, ananakili kwenye kiganja. Na hatua chache mbele, chini ya swali la zamani la mtu mwingine aliyekuwa ameandika *Imekubali, nashukuru*, mtu alikuwa ameongeza kwa chaki mpya: *Ilikubali vipi, ndugu? Tuambie.* Mwandiko ulikuwa mnyoofu, wa mtu wa daftari.

Lango bado liko, na sheria ya saa kumi bado iko, na nina hakika Watu wa Unga na Watu wa Maji wanabishana mpaka hivi ninavyoandika. Lakini jioni ile kabla sijaondoka ilikuwa Ijumaa. Mzee Makame aliketi karibu na printa akimtajia binti yake maneno, naye anapiga, na Pandu na Bi Hidaya wamesimama mlangoni wanasema wanapita tu. Walichapa mwaliko wangu wa mwakani.

Ninao hapa. Ni wa zambarau, na mstari mweupe unapita katikati ya jina langu. Linasomeka.